Mkanda wa Msumeno Ukikatika, Usome Kabla ya Kuutupa

Mkanda wa msumeno wa mashine ya kukatia chuma, ule unaozungushwa na magurudumu, ukikatika katikati ya kazi, wengi wetu humlaani kwanza aliyeuuza. Nami nilikuwa hivyo. Siku hizi naokota vipande, navipangusa mafuta na kuvigeuzageuza kwenye mwanga kabla sijagusa mkanda mpya. Nisipojua kilichoua wa kwanza, wa pili nao nitauzika mapema.

Swali langu la kwanza: ufa ulianzia wapi? Mkanda wa baimetali una ncha za meno za chuma kigumu sana, zilizounganishwa na mgongo wa chuma kinachonyumbuka kama springi. Mgongo huo hupinda na kunyooka kila unapozunguka gurudumu. Ufa ukianzia kwenye bonde kati ya jino na jino, tazama msukumo: pengine unaulazimisha mkanda kushuka kuliko meno yanavyoweza kula, au umeukaza kupita kiasi. Huenda pia mkanda umezeeka tu, na hilo si kosa la mtu.

Ufa ukianzia mgongoni, achana na spidi na msukumo. Kagua beringi inayouegemeza mkanda kwa nyuma. Niliwahi kumaliza mikanda mitatu katika zamu moja, kila mara nikibadilisha spidi, kumbe beringi hiyo ilikuwa imeganda na kuchimbika mfereji. Mgongo wa mkanda ulikuwa umefumuka kama kitako cha patasi iliyopigwa nyundo miaka mingi, na humo ndimo nyufa zilimozaliwa. Mkanda unaosugua ukingo wa gurudumu huleta alama zilezile.

Ukikatika palepale penye kiungo kilichochomelewa, tena mapema, kwa mstari ulionyooka, basi huenda kiungo hakikupashwa moto tena ipasavyo baada ya kuchomelewa, kikabaki kigumu lakini chepesi kuvunjika. Hapo, haya, mlaani muuzaji.

Meno yaliyong'oka yana hadithi nyingine, na mara nyingi ni ya hesabu. Angalau meno matatu yawe ndani ya chuma wakati wote. Chukua bomba lenye ukuta wa mm 3 na mkanda wa meno 6 kwa inchi: kutoka jino hadi jino ni zaidi ya mm 4, kwa hiyo ukuta unadumbukia kwenye bonde na jino linalofuata linaupiga ubavuni. Kinyume chake nacho kina hasara. Katika chuma kizima, kisicho na uwazi ndani, cha mm 100, mkanda wa meno 14 kwa inchi huwa na meno kama 55 ndani kwa pamoja. Mabonde yake madogo hujaa na meno hayali tena, yanasugua. Hesabu ikiwa sawa na meno bado yanang'oka, angalia kama chuma kinazunguka ndani ya jiliwa, yaani kibano kinachokishika. Pia usiuingize mkanda mpya kwenye mkato ulioachwa na wa zamani. Meno yaliyochakaa huacha njia nyembamba, na mapya hubanwa humo. Geuza chuma, anza upya.

Mkanda mpya una ncha kali mno, na ukali huo ndio udhaifu wake. Acha spidi ya kawaida ila punguza msukumo hadi kama nusu. Kwa chuma cha duara cha mm 100, mikato minne au mitano itakupitisha sentimita za mraba 300 za mkato, zinazotosha kuuzoesha mkanda. Baada ya hapo ongeza polepole. Mafundi wenye haraka huniambia hawana muda huo. Muda wa kubadilisha mkanda sijui huwa wanautoa wapi.

Mkanda ungali mzima, soma maranda yake, vile vipande vya chuma unavyovitoa. Unga mwembamba maana yake meno yanasugua: ongeza msukumo au punguza spidi. Maranda mazito ya bluu, yaliyoungua, yanasema umezidisha msukumo. Kwa chuma cha kawaida nataka vikunjo vyeupe vilivyolegea. Stenlesi haitaki woga: ukiisugua bila kuikata, uso wake unakuwa mgumu zaidi na jino linalofuata linaumia. Punguza spidi, lakini hakikisha kila jino linakula.

Mkato ukienda upande, sogeza kwanza mkono wa mwongozo, ule unaoushika mkanda usiyumbe, karibu na chuma, kisha pima mkazo. Brashi ya kuondoa maranda iguse meno, na maji ya kupozea yafike penye mkato wenyewe, yasimwagike kando.

Mwisho wa zamu mimi huulegeza mkanda ili usilale umekazwa, na natundika kibao kwenye swichi kusema hivyo. Niliongeza kibao baada ya fundi wa asubuhi kuiwasha mashine bila kujua, mkanda ukachomoka kwenye magurudumu.