Ganzi ya shingoni au ya begani? Maswali na majibu kuhusu maumivu baada ya upasuaji wa bega

Kwani vidonge vya maumivu havitoshi?

Usiku wa kwanza, vikiwa peke yake, mara nyingi havitoshi. Kushona kano zilizochanika au kuweka kiungo bandia ni kazi inayogusa mfupa, na maumivu yake huwa makali zaidi katika saa 24 hadi 48 za mwanzo. Asiyepata ganzi huhitaji mofini au dawa za jamii yake kwa wingi, na dawa hizo huja na kichefuchefu, kuwashwa, choo kigumu na usingizi mzito unaopunguza kasi ya kupumua. Ganzi ya neva hukata taarifa ya maumivu njiani kabla haijafika kwenye ubongo. Haifuti haja ya vidonge, bali huipunguza. Mara nyingi hutolewa kabla ya nusu kaputi ili mgonjwa azinduke bega likiwa limeshatulia.

Dawa huchomwa wapi hasa?

Neva za mkono hutoka kwenye uti wa mgongo shingoni, hupita katikati ya misuli miwili ya ubavuni mwa shingo, huungana kuwa mashina, kisha hutawanyika kuelekea begani na mkononi. Bega hutegemea zaidi neva ya tano na ya sita za shingo. Daktari wa usingizi anaweza kuzivizia mahali patatu kwenye safari hiyo.

Pa kwanza ni juu kabisa, katikati ya ile misuli miwili. Njia hii ilienea baada ya Alon Winnie kuieleza mwaka 1970, na kwa muda mrefu ndiyo imekuwa kipimo cha kulinganishia nyingine. Kwenye kioo cha ultrasaundi neva huonekana kama viduara vyeusi vilivyopangana wima, mfano wa taa za kuongozea magari. Sindano huletwa kutoka ubavuni, na ncha yake husimama kando ya viduara, si ndani yake. Kwa kawaida hutumika mililita 10 hadi 20.

Pa pili ni chini kidogo ya hapo, neva ya tano na ya sita zikishaungana kuwa shina la juu, lakini kabla tawi la kwenda nyuma ya bega halijachepuka. Mililita 10 hadi 15 hutosha.

Pa tatu ni begani kwenyewe, na hapo sindano ni mbili. Moja hufuata neva inayopita juu ya mfupa wa kombe la bega, ambayo hubeba takriban asilimia 70 ya hisia za kiungo. Ya pili hufuata neva ya kwapa, upande wa nyuma wa mkono, pale inapouzunguka mfupa sambamba na mshipa wa damu. Kila moja hupata karibu mililita 10.

Kupumua kunahusiana vipi na bega?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na wagonjwa wengi hawaambiwi. Neva inayoendesha kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hutoka shingoni hapo hapo na kuteremka juu ya mmoja wa misuli ile miwili. Kwa juu, iko karibu mno na neva ya tano. Dawa ikimwagwa pale, husambaa hadi kuifikia. Kwa mililita 20, nusu ya kiwambo upande ule hulala karibu kwa kila mgonjwa. Hata kwa mililita 5 tu, karibu nusu ya wagonjwa hupatwa.

Hewa ambayo mtu anaweza kuvuta na kutoa kwa nguvu hupungua kwa takriban robo hadi theluthi. Mwenye mapafu mazima anaweza asihisi chochote, au ahisi tu pumzi fupi akilala chali. Lakini mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, mwenye unene uliopitiliza, au ambaye kiwambo cha upande wa pili tayari ni dhaifu, anaweza kushindwa kupumua. Ndiyo maana njia hii haifanywi pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kadiri sindano inavyosogea mbali na shingo, hatari hii inapungua. Ganzi ya shina la juu hugusa kiwambo kwa wagonjwa wachache zaidi. Ile ya sindano mbili, ikichomwa kutokea nyuma ya bega, hugusa kwa nadra sana.

Basi kwa nini wote wasichomwe zile sindano mbili?

Kwa sababu kuna vineva vidogo vya mbele ya bega ambavyo hazivifikii. Mgonjwa anaweza kuzinduka akisikia maumivu mbele, hasa katika saa ya kwanza. Baadaye tofauti hupungua. Kwa upande mwingine, mgonjwa hubaki na nguvu zaidi kwenye kiganja na vidole, jambo ambalo wengi hulifurahia.

Kwa maoni yetu, mgonjwa mwenye mapafu imara anayefanyiwa kazi kubwa anafaidika na ganzi ya shina la juu, kwa kuwa utulizaji wake unakaribia sana ule wa juu shingoni bila kulipia pumzi kiasi kile. Mwenye shida ya mapafu achomwe begani, na maumivu ya mbele yatibiwe kwa dawa nyingine. Kwa hiyo mweleze daktari wa usingizi mapema kama una pumu, unakoroma na kukatika pumzi usingizini, au uliwahi kufanyiwa upasuaji wa kifua au shingo.

Kope limeshuka na sauti inakwaruza. Ni kiharusi?

Baada ya ganzi ya shingoni, kope kushuka na mboni kuwa ndogo upande uliochomwa, pamoja na sauti kukwaruza, husababishwa na dawa kufikia neva za jirani. Huisha ganzi inapoisha. Ila mdomo ukipinda, maneno yakivurugika au mguu ukilegea, hiyo si ganzi: ita msaada mara moja.

Nini kinaweza kwenda vibaya?

Kubwa ni dawa kuingia kwenye damu. Dalili za mwanzo ni ladha ya chuma mdomoni, midomo kufa ganzi na masikio kuvuma, kisha degedege na moyo kuvurugika. Kinga ni hesabu na subira. Kwa bupivakeini, dawa ya ganzi ya muda mrefu, kiwango salama kinachotumika sana ni miligramu 2 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 hapaswi kuzidi miligramu 120, na kwa kuwa dawa ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa mililita, huo ni mwisho wa mililita 24. Dawa husukumwa mililita 3 hadi 5 kwa wakati, na bomba huvutwa nyuma kila mara kuangalia damu. Mafuta ya mshipani ya asilimia 20, ambayo ndiyo tiba ya dawa ikiingia kwenye damu, lazima yawepo chumbani: dozi ya kwanza ni mililita 1.5 kwa kilo, yaani mililita 90 kwa mtu huyo huyo.

Neva kuumia moja kwa moja ni nadra. Ukiwa macho na ukasikia maumivu makali au shoti ikipita mkononi wakati wa kuchomwa, sema papo hapo, usivumilie.

Itadumu saa ngapi?

Sindano moja ya dawa ya muda mrefu hudumu takriban saa 12 hadi 18. Deksamethasoni (dawa ya kutuliza uvimbe) kidogo ya mshipani huongeza saa kadhaa, ingawa hupandisha sukari. Mrija mwembamba unaoachwa kando ya neva hutoa dawa kidogo kidogo kwa siku 2 au 3, lakini huweza kuchomoka au kuvuja. Mrija wa kumimina dawa ya ganzi ndani ya kiungo chenyewe ni wa kukataa, kwani umehusishwa na kuharibika kwa gegedu.

Nyumbani nifanyeje?

Kosa la kawaida ni kusubiri maumivu. Ganzi hukatika ghafla, mara nyingi saa nane au tisa usiku, na kidonge kilichochelewa hakikimbizani na maumivu yaliyokwisha kupanda. Meza vidonge ulivyoandikiwa kabla ya kulala hata kama huhisi kitu, na endelea kwa saa zilizopangwa. Kwa mtu mzima mwenye ini zima na zaidi ya kilo 50, parasetamoli huwa gramu 1 kila baada ya saa 6. Ibuprofeni ni kwa mwenye figo na tumbo salama tu.

Mkono uliokufa ganzi haujui kujilinda. Uweke kwenye kitambaa cha kuutegemeza, kiwiko kisilalie kitu kigumu, uepushe na moto na maji ya moto, na usiendeshe gari. Lala ukiwa umeinua mgongo kwa mito. Rudi hospitali haraka ukishindwa kupumua, na piga simu ikiwa ganzi ya sindano moja bado ipo baada ya saa 48, au mahali pa sindano pamevimba, pamekuwa pa moto au panatoa usaha.