Nguo ya umeme inatuliza maumivu, haitibu chanzo chake

Wengi wanaamini kwamba mkanda, soksi ya goti au fulana yenye vibandiko vya umeme huponya kiungo kinachouma, na kwamba ukiongeza nguvu ndipo uponyaji unakuja haraka.

Ni rahisi kuona imani hiyo inatoka wapi: unavaa, unawasha, maumivu yanapungua. Lakini kinachobadilika hapo ni taarifa tu. Mapigo madogo ya umeme, mara nyingi 50 hadi 100 kwa sekunde, huamsha neva za mguso, nazo huzuia sehemu ya ishara za maumivu katika uti wa mgongo. Ni kama kujisugua kiwiko ulipokigonga. Gegedu iliyolika, yaani ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, inabaki imelika vilevile.

Zipo nguo nyingine za umeme zinazokaza misuli yenyewe. Hizo husaidia mguu uliodhoofika baada ya upasuaji, zikiambatana na mazoezi, si badala yake. Kuhusu nguvu, kiwango kinachofaa ni msisimko mkali usiouma. Zaidi ya hapo ni kujitesa bure.

Unaweza kujipima. Andika maumivu yako kwa alama 0 hadi 10 kabla ya kuwasha, wakati imewashwa, kisha saa mbili baada ya kuizima. Soma pia karatasi ya maelezo: imeandikwa "hupunguza" au "huponya"? Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mjamzito au mwenye kifafa amwone daktari kwanza.