Jina la ukoo halitakufikisha kwa babu aliyekuwa askari

Mtu akija kutafutiwa habari za babu aliyekuwa mhunzi kisha akawa askari, najua atakavyoanza. Ataandika jina la ukoo kwa herufi kubwa na kuniambia, "Tafuta hili tu, lazima lipo London." Wiki hii nimeambiwa tena, na kijana msomi, ambaye ameshalipia tovuti ya Wazungu ya kutafutia mababu na hakuambulia kitu.

Jamani. Jina lililo kwenye kitambulisho chako cha NIDA, babu yako huenda hakuwahi kuandikwa nalo popote jeshini. Karani aliandika jina moja, pengine na la baba, halafu kabila na jumbe wake, na aliandika alivyosikia. Mjerumani aliiandika Ujiji "Udschidschi", kwa hiyo usishangae Juma akiwa "Dschuma". Wapo walioingia kambini na jina la kwao wakatoka na la Kiislamu, wapo waliobatizwa baadaye, na wapo waliojiandikisha kwa jina la utani. Mhunzi wa ukoo wa Washana kutoka Upare angeweza kuandikwa "Hamisi, Mpare", basi. Sasa mtafute Mshana humo mpaka macho yaume.

Askari hupatikana kwa namba na kikosi. Shajara za vita za Mwingereza, yaani kumbukumbu za kila siku za vikosi, zilizoko London zimepangwa kwa vikosi, na huko Ujerumani sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi iliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945. Kwa hiyo kabla ya kuota safari, fungua sanduku la bati la bibi. Medali ya fedha ya Vita vya Kwanza waliyopewa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) imechapwa maandishi kwenye ukingo wake mwembamba: namba, cheo, jina, kisha K.A.R. Zima taa, washa tochi ya simu kwa pembeni, izungushe taratibu. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Na tafadhali, acheni kuisugua kwa majivu na stilwaya ili ing'ae siku ya msiba! Mnaifuta namba, na namba ndiyo babu mwenyewe. Cheti cha kuachishwa jeshi nacho msikipige lamineti.

Ukishajua kikosi, mengine yanafuata. Katika Vita vya Pili, Batalioni ya 6 ya KAR ilikuwa ya Tanganyika na ilipigana Abisinia (Ethiopia) mwaka 1941; ya 36, ya hapa hapa, ilifika Burma. Kwa wazee usiulize "alizaliwa lini". Uliza aliandikwa wapi, na akina nani waliondoka naye siku hiyo. Mara nyingi mwenzake ndiye aliyeacha karatasi.

Jina la ukoo lina kazi yake, ila kwa upande wa uhunzi. Kufua chuma kulirithiwa kiukoo: Washana kule Upare, Warongo karibu na Ziwa Viktoria. Kwa hiyo mhunzi mtafute Nyaraka za Taifa pale Mtaa wa Vijibweni, Upanga, kwenye vitabu vya wilaya ambamo wakoloni waliandika koo, watemi na kazi za watu. Askari umtafute kwa namba, mhunzi kwa ukoo. Watu wanafanya kinyume, halafu wananiambia nyaraka zimeibwa.

Wengine wanaamini babu alichukuliwa jeshini akatengeneze bunduki. Kijijini alifua majembe, mashoka na mikuki. Bunduki zilikuja kwa meli. Kilichowahamisha wengi ni majembe ya madukani kuua soko lao. Kama kweli aliendelea na nyundo mjini, angalia karakana za reli hapa Dar es Salaam. Meli ya kivita ya Mjerumani, Königsberg, ilipozamishwa Rufiji mwaka 1915, mizinga yake iliopolewa, na ni kwenye karakana hizo ilikotengenezewa magurudumu ya kuiburuta nchi kavu.

"Alikuwa wa Mjerumani, hawezi kuwa wa Mwingereza." Aliweza. Askari wengi waliotekwa na KAR waliandikishwa upya huko huko, kwa hiyo msigombane kuhusu shangazi yupi anadanganya.

"Jina halipo makaburini, basi hakufa vitani." Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na kwamba huenda wanafika 350,000. Wengi walikuwa wapagazi. Na hapo niseme ukweli usiopendwa: babu mnayemwita askari huenda alikuwa mpagazi, aliyebeba mzigo wa askari mwingine. Usilifiche hilo. Utamtafuta kwenye majalada tofauti kabisa.

Kuhusu fidia, ambayo huulizwa kwa sauti ya chini mwisho wa mazungumzo: miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee wa Mjerumani waliokuwa bado hai, mkononi mwao. Anayekutoza leo hela ya fomu kwa niaba ya wajukuu, mnyime, na namba ya babu usimpe.