Je, magurudumu ya nyuma hayahitaji alaimenti?

Wenye magari wengi hapa Tanga huamini kwamba alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu ili yaende sawa, ni ya magurudumu ya mbele tu, kwa kuwa ya nyuma hayageuki na usukani. Kwa gari kuukuu lenye ekseli nzima nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, imani hiyo ina mantiki, ingawa hata ekseli hiyo husogea bushi (mipira ya kwenye maungio) zikilika au senta bolti, ile bolti ya katikati ya springi, ikikatika, gari likaenda upande kama kaa. Palipo na magurudumu yanayojitegemea, kubadili springi ili kuinua au kushusha gari hubadili pembe zake.

Nyoosha usukani, kisha pima kwa futi kamba kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto. Magurudumu yakiwa sawa, vipimo vya pande mbili hukaribiana mno, isipokuwa kwa magari machache kama Renault 4, ambayo umbali huo wa kulia na wa kushoto ulitofautishwa tangu kiwandani. Pitisha pia kiganja juu ya tairi, ndani kwenda nje, kisha urudishe: meno ya tairi yakikwaruza kiganja kikienda mwelekeo mmoja tu, gurudumu halijanyooka.