Dume anapumua, jike anaita

Kazi yangu ni kutunga nyimbo za kwaya na kufundisha watoto kusimulia hadithi hapa Mwanza. Walimu wenzangu huniuliza: ukitaka kumtia ndege kwenye wimbo, unaanzia wapi? Wengi huanza kwa kuiga mlio. Mtoto anasimama, analia "kwaa, kwaa", watu wanacheka, kisha wimbo unaendelea kama ulivyokuwa. Ndege hajaingia.

Nitaeleza kwa bata bukini. Huyu namjua tangu utotoni Magu, nilipokuwa naamia ndege kwenye majaruba ya mpunga, na siku hizo nilimwona mwizi tu. Huku kwetu ziwani anayeonekana zaidi ni yule wa kahawia, mwenye duara jeusi-jeusi kuzunguka jicho kama aliyepakwa wanja. Wamisri wa kale walimchora kwenye kuta zao, naye huitwa bata bukini wa Misri.

Alfajiri moja nilikaa ufukweni Igombe wakati mitumbwi ya dagaa inarudi. Wawili walikuwa juu ya jiwe, hatua kama ishirini kutoka nilipo. Jike akaanza: ha-ha-ha-ha, sauti kavu, ya haraka, kama mama anayegombeza. Dume akanyoosha shingo, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Hhhsss. Hhhsss. Ndivyo walivyo: jike hupaza, dume hufoka kwa pumzi. Lakini sikiliza wanavyopangana. Jike hangoji dume amalize. Anaingia pumzi ikiwa bado inatoka, na dume anavuta nyingine huku jike anaita. Manju yeyote wa ngoma za Kisukuma angeutambua mpango huo, maana waitikiaji wake nao humpokea kabla neno lake la mwisho halijatua.

Basi mazoezini nikawaambia sauti ya nne wasiimbe neno lolote. Wapumue, kwa meno, kwa mapigo mawili mawili. Sauti ya kwanza nikaiweka juu ya pumzi hiyo, iingie kabla haijakatika. Ngoma nikaiondoa kabisa kwenye beti mbili za mwanzo, kwa sababu ingeifunika pumzi, na pumzi ndiyo ndege mwenyewe. Hakuna aliyelia kwaa. Mzee mmoja wa kwaya, mvuvi, alisikiliza mara moja tu akasema, "Hawa ni wale wa kwenye mawe."

Mtunzi Sibelius wa Finland alipita njia nyingine. Tarehe 21 Aprili 1915 aliwaona bata maji 16, ndugu wa bata bukini, wakiruka, na tukio hilo likaingia katika Simfonia yake ya Tano. Wapiga pembe wanapewa noti ndefu zinazobembea juu na chini, taratibu, bila kuchoka. Mimi nikizisikiliza nasikia mabawa, wala si mlio. Mimi nilichukua pumzi, yeye kwangu alichukua mruko.

Kwenye hadithi nafanya vilevile: natafuta jambo moja ambalo ndege analitenda kweli. Yupo bata bukini mwingine, mweusi, mkubwa kuliko bata wote wa Afrika, mwenye mwiba kwenye bawa. Ukimwona unatarajia ngurumo, kumbe sauti yake ni nyembamba mno. Huyo tayari ni mhusika.

Ila hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya yule mwenye wanja. Mara nyingine hutagia juu mtini, kwenye tundu la shina au kwenye kiota kikubwa cha vijiti kilichojengwa na ndege aitwaye msingwe. Vifaranga wakianguliwa hawana manyoya ya kurukia. Mama anashuka chini, anaita. Lazima waje wenyewe.

Nikifika hapo, sauti yangu naishusha. Naita kama mama, mara moja, kisha nanyamaza. Kifaranga yuko ukingoni. Anatazama chini. Mama anaita tena. Watoto wa Igombe wamezoea kujirusha ziwani kutoka kwenye mawe, kwa hiyo sihitaji kuwaambia tumbo linavyokuwa. Wanaanza kuhesabu wenyewe: moja, mbili...