Mtoto mwenye disleksia na programu za kujifunzia: maswali ya walimu na wazazi

Mwanafunzi wangu anajieleza vizuri kuliko wenzake, lakini akishika kitabu anakwama. Ni uvivu?

Kabla ya kumwita mvivu, fikiria disleksia. Huu ni ugumu wa kusoma na kuandika unaotokana na jinsi ubongo unavyochambua sauti za lugha. Hauhusiani na uchache wa akili, na mara nyingi hurithiwa. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Hesabu alizipiga haraka, ila jina lake mwenyewe aliliandika Precy. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angewashinda wote shuleni. Alichokitamani mwalimu yule, leo kimo kwenye simu: programu zinazomsomea mtoto kwa sauti.

Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Disleksia inatoka wapi?

Ipo, ila hujificha. Herufi zetu na sauti zinaendana, kwa hiyo mtoto hufika, lakini hufika amechoka. Anasoma silabi moja moja, na akimaliza neno kama "walipokutana" ameshasahau lilivyoanza. Wengi hugundulika wanapoanza Kiingereza, ambacho tahajia yake haina huruma.

Programu inamsaidia vipi hasa?

Kuna za aina mbili, na watu huzichanganya. Za kwanza ni za mazoezi: mtoto anasikia sauti, anagusa herufi au silabi yake, anarudia mpaka vizoeane. Za pili hazifundishi kusoma. Zinamsomea maandishi au zinaandika anachotamka. Wapo walimu wanaoona hizi za pili ni udanganyifu. Mimi sikubaliani nao. Kama somo ni mzunguko wa maji, tunapima kama ameelewa maji yanavyopanda na kushuka. Asomewe, ajibu. Kusoma kuna kipindi chake.

Nichague ipi?

Anza na lugha. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza itamwambia mtoto kwamba herufi "a" hutamkwa "ei", na kesho wewe unamfundisha "a" ya "baba". Umemwongezea mzigo. Inayosoma kwa sauti ijaribu mwenyewe kwanza: iandikie "ngoma" na "ng'ombe". Ikitamka mianzo ya maneno hayo mawili sawasawa, achana nayo. Epuka pia zenye saa inayokimbia kwenye skrini, kwani mtoto huyu ameshakimbizwa vya kutosha.

Usilipie zaidi kwa sababu ya fonti, yaani mtindo wa herufi, inayodaiwa kuwa maalumu kwa disleksia. Tafiti hazijaonyesha kwamba maumbo yake yana faida ya maana. Kukuza herufi na kuongeza nafasi kati yake kuna maana zaidi. Miwani ya rangi nayo si tiba: mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na vyama vya madaktari wa macho, kilisema wazi kwamba haina ushahidi wa kutosha.

Naweza kumwachia kishikwambi nikaendelea na wengine?

Hapo ndipo wengi tunapokosea. GraphoGame, mchezo wa kufundisha herufi na sauti uliotokea Finland, umejaribiwa katika lugha nyingi. Uchambuzi wa tafiti zake uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba, kwa wastani, mchezo huo haukuinua usomaji wa maneno. Matokeo mazuri yalionekana pale ambapo mtu mzima alishiriki kwa karibu.

Sababu unaiona ukikaa naye. Skrini inatamka "dada", mtoto anagusa "baba". Programu inalia, inaonyesha rangi nyekundu, inaleta neno jingine. Yeye hajajua kosa liko wapi, atabahatisha tena. Mwalimu aliye kando anasimamisha mchezo: "Sema 'ba'. Midomo imefanya nini?" Imefungana. "Sasa 'da'." Midomo iko wazi, ulimi umegusa nyuma ya meno. Mpe kioo kidogo ajitazame. Kisha aandike herufi zote mbili kwa kidole mezani huku akizitamka, ndipo arudi kwenye skrini. Dakika 10 za namna hii kila siku zinashinda saa nzima ya Ijumaa.

Wenzake wakisema anapendelewa?

Kisaidizi cha kusomewa kiwe cha darasa zima, anayetaka akitumie. Na usimsimamishe asome mbele ya wote bila kumpa kifungu akakiandae tangu jana yake.

Nimpeleke kwa mtaalamu lini?

Macho na masikio yapimwe mapema. Kama amefundishwa kwa utaratibu miezi kadhaa na bado herufi zilezile zinamponyoka, tafuta mwanasaikolojia wa elimu au mtaalamu wa lugha na matamshi. Usiende na ripoti ya matokeo peke yake. Beba daftari la imla lenye makosa yake yote, bila kufutwa.