Je, wajua kwa nini maboga machanga huoza yangali na ukubwa wa limau?

Masika yakikolea Tanga, kati ya Machi na Mei, miboga hutambaa kama imetumwa. Nyuma ya nyumba za Mikanjuni au Pongwe utaikuta imepanda ua, majani mapana, maua ya manjano tele, na kila baada ya siku mbili tatu kinachomoza kiboga kipya. Kikifika ukubwa wa limau kinageuka manjano, kinalegea, kinaoza. Mwenyewe anakimbilia duka la pembejeo kununua sumu, na mara nyingi hapo ndipo anapoharibu zaidi.

Kabla hujatoa hela, okota kiboga kilichoharibika ukipasue katikati kwa kisu. Ndani kukiwa hakuna funza wala vijia, kimekosa chavua, ule unga wa manjano wa maua. Ukikuta funza weupe, huyo ni inzi wa matunda. Dawa ya tatizo moja haitibu la pili.

Mmea mmoja wa boga hutoa maua ya aina mbili. Ua dume limesimama kwenye kikonyo kirefu, chembamba. Ua jike lina kiboga chini yake hata kabla halijafunguka, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: kiboga hicho si ushahidi kwamba ua limetunga. Likikosa chavua, mmea unakitupa. Na muda wenyewe ni mfupi. Ua hufunguka alfajiri, ikifika kama saa 4 asubuhi linajifunga, halifunguki tena. Chavua ya boga ni nzito na inanata, hata upepo wa kusi hauibebi. Kazi yote ni ya nyuki. Mvua ikinyesha asubuhi, nyuki hawatoki. Ukipuliza sumu asubuhi, umewaua kwa mkono wako. Ua lililopata chavua haba huweza kutunga, ila boga linakua kombo, upande mmoja umenenepa na mwingine umesinyaa.

Nyuki wakiadimika, fanya kazi yao. Kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, ng'oa petali zote ubaki na kijiti cha katikati chenye unga wa manjano, kisha ukipakaze taratibu pande zote za kitovu cha ua jike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Chavua iliyolowa haifai, kwa hiyo siku za mvua funika tangu jioni iliyotangulia machipukizi ya maua yaliyoanza kuonyesha manjano nchani, ya kiume na ya kike, kwa mfuko mdogo wa karatasi.

Wiki ya kwanza au ya pili ya maua usihangaike, huwa madume matupu. Yakiendelea kuwa madume na majani mabichi ya kupindukia, umezidisha samadi. Ndoo ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri inatosha shimo moja, na mashimo yaachane mita 2. Na anayetaka msusa (mboga ya majani ya maboga) kila siku atenge shina lake la kuchuma majani. Kulivua shina majani kila kukicha huku ukilidai maboga ni kulionea.

Sasa inzi. Jike hutoboa ganda laini la kiboga na kutaga ndani. Mahali alipotoboa mara nyingi utaona tone la utomvu. Funza wakishiba hutoka, hujichimbia sentimita chache udongoni na kugeuka inzi wengine. Kwa hiyo kiboga kibovu ukikiacha chini ya mmea unawafugia. Kila siku viokote, vifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uuache juani wiki nzima, au vizike kwa kina kinachozidi nusu mita. Kuku wa kienyeji husaidia kuparura na kula wale waliojificha, mradi mimea imeshakuwa mikubwa, miche wataifukua.

Kinga ya uhakika nyumbani ni kulivika boga. Siku 2 au 3 baada ya kuchavusha, lifunike kwa mfuko wa gazeti wa safu mbili, au wakati wa mvua kwa kipande cha kanga chakavu, ukifunga mdomo kwenye kikonyo. Acha nafasi, maana kitambaa kikigusa ganda inzi hutoboa juu yake. Ganda likianza kuwa gumu, vua. Ukinunua mtego, mwambie muuzaji unataka chambo cha inzi wa matango na maboga. Chambo cha inzi wa maembe hakimvuti huyu, utabaki unalinda chupa tupu.

Mbawakavu wa rangi ya chungwa wanaotoboa majani huumiza miche zaidi. Nyunyiza jivu asubuhi majani yakiwa na umande. Kwa vidukari, loweka usiku kucha gramu 50 za mbegu za mwarobaini zilizotwangwa katika kila lita ya maji, chuja, tia sabuni kidogo, upulize chini ya majani baada ya saa 12 jioni, maua yakiwa yamefungwa. Majani yakikunjamana na kuwa na mabaka ya kijani na manjano, hiyo ni batobato ya virusi. Ng'oa shina, hakuna dawa. Mabaka meupe yajaribu kwa kidole kwanza: yakifutika kama unga ni ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, yasipofutika ni rangi ya kawaida ya baadhi ya aina za maboga.

Boga linalokua lilalie makumbi ya nazi, lisigusane na udongo uliolowa. Hesabu miezi 3 hadi 4 tangu kupanda, kwa hiyo la futari lipandwe mapema kabla ya Ramadhani. Ukucha ukishindwa kuzama kwenye ganda, likate boga, uache kikonyo cha sentimita 5. Likivunjika kikonyo, lipike nazi wiki hiyo hiyo.